Kibao cha Mwendo na Heshima ya Askari

Miongoni mwa kazi alizokabidhiwa askari wa usalama, ni chache zinazomkutanisha na raia mara nyingi kama kazi ya kumsimamisha dereva barabarani. Raia wengi humaliza umri wao bila kulala mahabusu wala kufika mbele ya hakimu, lakini ni nadra kumpata mwenye gari ambaye hajapata kuinuliwa mkono na askari wa barabarani. Kwa hiyo yale anayoyafikiri mwananchi juu ya sheria ya nchi yake, aghalabu ameyafikiri pembeni ya barabara, leseni ikiwa mkononi. Hapo ndipo anapopima kama sheria ni ngao yake ama ni mtego wake.

Kwa sababu hiyo tumeona inafaa leo kuitazama nchi ya Marekani, ambako jambo hili la mwendo wa magari limefanyiwa majaribio ya kila namna. Si kwamba Wamarekani ni walimu wetu katika kila jambo. Makosa yao ni mengi, na baadhi yake tutayataja hapa. Lakini nchi ile ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria yake ya barabarani. Imekuwa kama shamba lenye vitalu 50, kila kitalu na mbegu yake. Mwenye kutaka kujua mbegu ipi huota vema hana budi kupita na kutazama.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Badiliko la Kumi la Katiba ya Marekani, lililoidhinishwa mwaka 1791, linasema kwamba mamlaka yasiyokabidhiwa Serikali ya Shirikisho yamebaki mikononi mwa majimbo au ya wananchi. Usalama wa barabarani ni mojawapo ya mambo hayo. Mwaka 1901 jimbo la Connecticut lilitunga sheria ya kuweka kikomo cha mwendo wa magari: maili 12 kwa saa mjini, yaani kiasi cha kilomita 19, na maili 15 nje ya mji, yaani kilomita 24. Majimbo mengine yakafuata, kila moja kwa wakati wake na kwa kipimo chake.

Hata wasimamizi wa sheria hiyo si wa namna moja. Hakuna jeshi moja la polisi wa barabarani kwa nchi nzima. Kuna polisi wa jimbo wanaolinda barabara kuu. Kuna sherifu wa wilaya, ambaye mara nyingi huchaguliwa kwa kura. Na kuna polisi wa mji, wanaoajiriwa na baraza la mji wao. Msomaji anayeijua safari ya lori kutoka Mombasa hadi Kigali, ambamo dereva huvuka mipaka na mwishowe hata upande wa kuendeshea hubadilika, ataelewa upesi hali ya dereva wa Kimarekani. Tofauti ni kwamba huyu wa Marekani havuki forodha wala haoneshi pasi. Huona kibao tu kinachomkaribisha katika jimbo jingine, na papo hapo amekwisha kuingia chini ya sheria nyingine.

Sasa tutazame tofauti zenyewe. Katika jimbo la Texas, kwenye sehemu ya barabara ya kulipia nambari 130, kusini ya Austin, kibao huruhusu maili 85 kwa saa, yaani kilomita 137. Kikomo hicho kiliwekwa mwaka 2012, na hakuna cha juu kuliko hicho katika nchi nzima. Katika majimbo kadhaa ya magharibi, kama Utah, Wyoming na Nevada, ambako watu ni wachache na barabara zimenyooka jangwani, zimo barabara kuu zinazoruhusu maili 80, yaani kilomita 129. Lakini katika visiwa vya Hawaii, kwa miaka mingi, hapakuwa na barabara iliyoruhusu zaidi ya maili 60, yaani kilomita 97.

Adhabu nazo hazilingani. Katika jimbo la Virginia, mwenye kupita maili 85 kwa saa, au mwenye kukizidi kikomo kwa maili 20 au zaidi, hashitakiwi kwa kosa dogo la barabarani, bali kwa kosa la jinai la kuendesha bila kujali usalama. Hakimu anaweza kumfunga jela hadi miezi 12 na kumtoza faini hadi dola 2,500. Dereva wa maili 86 kwa saa, ambaye kwenye ile barabara ya Texas amezidi kwa maili moja tu, huko Virginia anaweza kurudi nyumbani akiwa na rekodi ya mhalifu.

Hata maana ya kibao hutofautiana. Katika majimbo mengi kikomo ni mwisho: aliyekizidi amekosa, na hana la kujitetea juu ya hali ya barabara. Lakini Texas ina mtindo mwingine. Huko kuzidi kikomo ni ushahidi wa awali tu kwamba mwendo haukuwa wa busara. Dereva ana haki ya kusimama mbele ya mahakama na kueleza kwamba saa ile, mahali pale, barabara ilikuwa kavu na tupu, na mwendo wake haukumhatarisha mtu. Ni juu ya mahakama kuamua.

Vifaa vya askari navyo hufuata mpaka. Huko Pennsylvania, kwa zaidi ya miaka 50, rada ilikuwa silaha ya polisi wa jimbo peke yao, na polisi wa miji wakalazimika kupima mwendo kwa saa na mistari iliyochorwa barabarani. Kamera za kunasa mwendo huruhusiwa Maryland karibu na shule na mahali barabara inapotengenezwa, ilhali jimbo la New Jersey haliziruhusu. Virginia humkataza dereva kubeba chombo cha kumwonya kwamba rada iko mbele. Majimbo mengine humwachia aliye na gari dogo la binafsi. Jambo moja tu lililowaunganisha ni mkataba wa leseni, ulioanza miaka ya 1960, ambao kwao majimbo mengi hupashana habari, ili dereva aliyekosa ugenini makosa yake yamfuate mpaka nyumbani.

Mwenye kuyasoma haya anaweza kusema: hii ni vurugu tupu, kwa nini isiwekwe sheria moja kwa nchi nzima? Wamarekani walilijaribu hilo, na matokeo yake yana funzo.

Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazotoa mafuta ziliikatia Marekani mafuta kwa sababu ya kuiunga mkono Israeli vitani. Tarehe 2 Januari 1974 Rais Richard Nixon akatia sahihi sheria ya kuweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 89, kwa nchi nzima. Serikali ya Shirikisho iliushika mfuko wa fedha: jimbo litakalokataa lisingepata fedha za barabara kuu. Majimbo yote yakatii. Vifo vya barabarani, vilivyokuwa zaidi ya 54,000 mwaka 1973, vikashuka hadi kiasi cha 45,000 mwaka 1974. Wataalamu walibishana kama sababu ilikuwa mwendo mdogo au uhaba wa mafuta uliopunguza safari; yaelekea yote mawili yalichangia.

Ila utii ule ulikuwa wa mdomo tu katika sehemu nyingi za magharibi. Sheria ilikuwa imeletwa ili kuokoa mafuta, na mafuta yaliporudi, watu hawakuona tena sababu yake. Montana, jimbo kubwa lenye watu wachache, liliweka faini ya dola 5 kwa mwenye kupita kikomo hicho mchana, tena kosa lenyewe likaandikwa kuwa ni kupoteza bure mali adimu ya taifa. Dereva alilipa dola zake 5 akaendelea na safari kwa mwendo ule ule. Fikirini hali ya askari aliyetumwa kusimamia sheria ambayo jimbo lake lenyewe haliiamini! Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilianza kulegeza, likaruhusu maili 65 nje ya miji. Mwezi wa Novemba 1995, chini ya Rais Bill Clinton, sheria ile ikafutwa na kila jimbo likarudishiwa mamlaka yake.

Funzo la kwanza ndilo hilo. Amri isiyoeleweka sababu yake haimfikii mtu moyoni. Humfanya apunguze mwendo pale tu anapoliona gari la polisi, na akishalipita humkanyagia mafuta.

Funzo la pili limetoka Montana hiyo hiyo. Baada ya sheria ya taifa kufutwa, jimbo lilirudia desturi yake ya zamani: mchana hapakuwa na namba yoyote kwa magari madogo, bali dereva aliamriwa aende kwa mwendo wa busara unaofaa hali ya barabara. Wengi waliusifu uhuru huo. Lakini mwezi wa Machi 1996 dereva mmoja alikamatwa akienda maili 85 kwa saa, akashitakiwa, naye akauliza swali jepesi: mwendo halali mahali pale ulikuwa upi? Askari aliyemkamata hakuutaja. Desemba 1998 Mahakama ya Juu ya Montana ikaamua kwamba sheria ile haina uwazi, kwa kuwa humwacha raia bila kujua mpaka uko wapi, na humwachia kila askari kuuweka mpaka kwa maoni yake. Mwaka 1999 jimbo likaandika namba: maili 75 kwa saa, yaani kilomita 121.

Askari asiione hukumu hiyo kuwa ni pigo kwake, kwani ilimkinga yeye pia. Askari anayesimamia sheria isiyo na kipimo hulaumiwa kwa kila uamuzi: akimwachia mmoja, husemwa amehongwa, akimkamata mwingine, husemwa ana chuki. Kipimo kilichoandikwa humwondolea mzigo huo.

Funzo la tatu ni la fedha, nalo ndilo chungu kuliko yote. Katika jimbo la Ohio palikuwapo kijiji kilichoitwa New Rome, chenye wakazi wasiofika 100. Barabara kuu ilikikata, na hapo kikomo kilishuka kutoka maili 45 hadi 35. Polisi wa kijiji walisimama pale pale penye kushuka, wakatoza faini kwa wasafiri, na faini hizo zikawa ndizo chakula cha kijiji. Malalamiko yalijaa hata jimbo likaingilia kati, na mwaka 2004 mahakama ikakivunja kijiji kile kisiwe tena na serikali yake. Huko Florida, mji mdogo wa Waldo uliokuwa na sifa kama hiyo ulilivunja jeshi lake la polisi mwaka 2014, baada ya kudaiwa kwamba askari walikuwa wakipangiwa idadi ya faini za kuandika.

Jimbo la Missouri lilikuwa limeiona hatari hiyo mapema. Mwaka 1995 lilitunga sheria ya kuzuia mji usitegemee faini za barabarani kupita sehemu fulani ya mapato yake. Lakini kipimo kilikuwa kikubwa mno. Mwezi wa Agosti 2014 askari wa mji wa Ferguson katika jimbo hilo alimpiga risasi kijana mweusi akafa, na mji ukawaka moto. Wizara ya Sheria ya Marekani ilifanya uchunguzi, na katika taarifa yake ya Machi 2015 ikaeleza kwamba kazi ya polisi wa mji ule ilikuwa imeelekezwa kwenye kutafuta mapato kuliko usalama wa watu, na kwamba mzigo huo uliwaelemea zaidi weusi. Mwaka huo huo Missouri ikapunguza kiwango hadi asilimia 20.

Moto ule haukuwashwa na risasi peke yake. Kuni zilikuwa zimekusanywa kwa miaka mingi, faini moja moja, pembeni ya barabara.

Dawa ya ugonjwa huu nayo imo katika vitalu vile vile 50. Katiba ya jimbo la North Carolina inaagiza kwamba faini zinazotozwa kwa makosa ya jinai, baada ya kutoa gharama za kuzikusanya, ziende katika shule za serikali. Askari wa huko akimwandikia dereva faini, kituo chake hakipati faida. Kwa hiyo hana la kumsukuma ila usalama, na dereva naye hana la kumshuku. Kwa maoni yetu, huo ndio mpango bora kuliko yote tuliyoitaja. Mkono unaokamata usiwe ndio mkono unaopokea.

Funzo la nne ni kwamba kibao kiwe kimoja kwa watu wote. Mwaka 1999 serikali ya New Jersey ilikiri kwamba askari wa polisi wa jimbo walikuwa wakiwasimamisha madereva kwa rangi ya ngozi zao katika barabara kuu ya jimbo hilo. Ikatia sahihi makubaliano na Wizara ya Sheria, na polisi wake wakawekwa chini ya uangalizi uliodumu hadi mwaka 2009. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo imeweka mipaka kwa majimbo yote: mwaka 1979 iliamua kwamba askari hawezi kumsimamisha dereva yeyote ampendaye ili kutazama leseni tu, pasipo sababu, na mwaka 2015 iliamua kwamba kazi ya kibali cha barabarani ikiisha, asimzuie mtu zaidi kwa upekuzi usio na msingi. Hata hivyo mwaka 1996 mahakama hiyo hiyo iliruhusu kosa halisi la barabarani liwe sababu tosha ya kumsimamisha mtu, hata kama nia ya askari ilikuwa nyingine. Mlango huo ulioachwa wazi ndio unaolalamikiwa mpaka leo.

Limebaki funzo la tano, nalo linatuhusu sisi wenye sare. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mwezi wa Oktoba 2011, askari mwanamke wa polisi wa jimbo la Florida aliliona gari la polisi wa Miami likienda kwa maili 120 kwa saa, yaani kilomita 193. Alilifukuza, akalisimamisha, akamkamata mwenzake. Yule askari hakuwa akimfukuza mhalifu; alikuwa akiwahi kibarua nje ya zamu, na mwaka uliofuata akafukuzwa kazi. Badala ya kumpongeza, askari wengi walifungua kumbukumbu za leseni za mwanamke yule bila ruhusa, hata ikambidi aende mahakamani kudai haki yake. Gazeti moja la Florida, Sun Sentinel, likachunguza kumbukumbu za vituo vya kulipia barabara, likawakuta mamia ya askari wakipita kwa mwendo wa kutisha bila dharura yoyote. Uchunguzi huo ulipewa tuzo ya Pulitzer mwaka 2013.

Sheria za majimbo huruhusu gari la polisi, la zimamoto au la wagonjwa kuzidi kikomo wakati wa dharura, lakini haziondoi wajibu wa kujali maisha ya wengine. Ruhusa ile ilitolewa kwa ajili ya kazi, haikutolewa kwa ajili ya sare.

Kinyume chake kuna kisa cha zamani, kilichosimuliwa na gazeti la Evening Star la Washington mwaka 1908. Mwaka 1872 askari mweusi aitwaye William West, ambaye alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alimsimamisha Rais Ulysses Grant kwa kuwakimbiza farasi wa gari lake mjini Washington. Grant alikuwa jemadari wa jeshi lile lile alilolitumikia West. Kisa kinasema kwamba Rais aliyekamatwa hakumtisha askari, bali alikubali kupelekwa kituoni na kuweka dhamana, na akamwona West kuwa ametimiza wajibu wake. Jemadari alimtii askari wa kawaida kwa kuwa siku ile sheria ilikuwa upande wa askari.

Wapo watakaosema: ikiwa mambo ni hayo, afadhali vibao ving'olewe na kila mtu aende apendavyo. La hasha! Gari likiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya mgongano wake huongezeka mara nne. Huo ni ukweli wa maumbile, wala haubadiliki mtu avukapo mpaka wa jimbo. Mwaka 2022 watu zaidi ya 42,000 walikufa katika barabara za Marekani, na katika hao zaidi ya 12,000 walikufa katika ajali zilizohusisha mwendo wa kuzidi. Idadi hiyo ni sawa na jeshi zima, na wengi wao hawakuwa wamepanda farasi wa vita, bali walikuwa wakienda kazini au wakirudi kwa watoto wao. Kwa hiyo kazi ya kuzuia mwendo ni kazi ya kuokoa roho, na askari anayeifanya kwa haki ni mlinzi kamili, sawa na yule aliye mpakani na bunduki.

Lakini ili kazi hiyo izae matunda, majimbo yale 50 yanatuonesha masharti yake. Raia aelezwe sababu ya kikomo. Kikomo kiandikwe wazi, pasipo kuvizia. Fedha ya faini isiwe mshahara wa anayeitoza. Tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni wapimwe kwa rada moja. Na mwenye sare awe wa kwanza kupunguza mwendo mbele ya kibao. Pakosekanapo masharti hayo, namba iwe 60 au 85, dereva atamwogopa askari lakini hatamheshimu. Na mtu unayemwogopa humwombi msaada, humpi habari za mhalifu, wala humfungulii mlango usiku.

Askari utakayesimama kesho barabarani, ukiinua mkono kumsimamisha mtu, kumbuka kwamba ndani ya gari lile yumo shahidi. Atakapofika kwake atawaeleza jamaa zake jinsi sheria ya nchi ilivyo, naye atawaeleza kwa jinsi ulivyomtendea.